Mpwa wangu, hati ya shamba isiguswe

Mpwa wangu, umeuliza kwenye grupu ya familia kama huku kusomea haki za watu wa asili "kuna pesa", na kama ukimaliza sheria hapo Nakuru uje Australia uongeze uchumi kama mimi. Mama yako amekujibu kwamba mjomba anaishi vizuri. Wacha nijibu mwenyewe.

Huu ni mwaka wa tisa niko Perth. PhD ninayo, kazi ya kudumu sina. Nafundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, nalipwa kwa saa, na chuo kikifunga na mfuko unafunga. Insha moja nimepewa dakika ishirini kuisahihisha. Ikichukua saa nzima, shauri yangu. Wanasheria wananiita mchumi, wachumi wananiita mwanasheria, na nafasi ikitangazwa kila upande unanielekeza kwa mwenzake.

Lakini kazi yenyewe ni tamu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huku, ambayo ndiyo ya juu kabisa, iliamua kesi ya Timber Creek, ya watu wa asili Wangaliwurru na Wanungali waliopoteza haki zao za ardhi kwa matendo ya serikali ya Northern Territory. Jaji wa kwanza alisema walipwe asilimia 80 ya thamani ya ardhi. Rufaa ikashusha hadi 65. Mahakama Kuu ikaishia 50. Ikawa dola 320,250, riba mbali. Halafu uchungu wa kutengwa na ardhi ya mababu ukapewa dola milioni 1.3. Mara nne! Mchumi atakuuliza hiyo imetoka kwenye kanuni gani. Hakuna kanuni, wazee walizungumza, jaji akasikiliza, akapima.

Na sisi je? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliwapa Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau waliofukuzwa humo, ushindi Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru serikali yetu iwalipe shilingi 57,850,000 za hasara ya mali na 100,000,000 za machungu. Hukumu hizo nimezisomea huku ugenini, na nilizisoma kwa aibu. Nimekulia Njoro. Asali ya Mau tulinunua kwa mzee wa Kiogiek aliyeshuka kutoka Nessuit, imo kwenye chupa ya soda, kizibo gunzi la mahindi, nasi tukimwita Mndorobo bila kuona tusi. Hatukumuuliza hata siku moja shamba lake liko wapi.

Kwa hivyo, kama ni ploti unatafuta, shika uwakili wa mauzo ya mashamba hapo Nakuru. Miaka mitatu utakuwa umeniacha mbali. Kama ni hili swali la bei ya machungu linakunyima usingizi, omba ufadhili, na usipoupata usije.

Nasikia mnataka kuweka rehani hati ya shamba la nyanya yako mpate karo na nauli. Hati hiyo isiguswe. Mama yako nitampigia Jumapili akitoka kanisani.