Kivuli cha buluu kwenye theluji ya Monet

Ndugu, umeuliza kwa nini kivuli cha uzio katika "La Pie" (jina la ndege wa jamii ya kunguru aliyemo pichani), picha ya mchoraji Mfaransa Monet, ni cha buluu badala ya cheusi. Ni kwa sababu pale jua limezuiwa, lakini anga bado inamulika, na theluji hupokea rangi ya anga hiyo. Monet alikiona hivyo akakipaka hivyo, karibu na Étretat, mji wa pwani ya Ufaransa, majira ya baridi ya 1868 hadi 1869. Na majaji wa Salon ya Paris, maonyesho makuu ya sanaa ya wakati huo, wakaikataa picha! Mimi naipenda kupita zake zote za mwanzo. Ukiitazama tena, muache kwanza yule ndege. Fuata theluji iliyolala juu ya uzio, pale weupe unapoingia umanjano kwa jua linalotoka nyuma.