Friji haibandui seli

Swali: Salaam, Daktari. Nafanya shahada ya uzamili hapa Mbarara. Maabara yetu imepata sahani chache zenye polima (kemikali ya minyororo mirefu ya molekuli) inayobadilika kwa joto, ile ambayo seli huishika kwenye nyuzi 37 na kuiachia chini ya 32. Seli zangu za ngozi zilipojaa niliweka sahani kwenye friji, nyuzi 4, saa nzima. Hazikuachia. Nilipopuliza kwa pipeti zikatoka vipande vipande. Je, sahani zimeharibika? Mwenzangu anashauri tununue polima ya unga tupake wenyewe kwenye sahani za kawaida. Anasema tukipata karatasi nzima za seli, yaani seli zilizoshikamana kuwa tabaka moja, kuna kliniki itazinunua kwa ajili ya watu walioungua.

Jibu: Sahani zako ni nzima. Kosa ni friji, na hujakosea peke yako. Karibu kila muhula naletewa malalamiko haya haya. Watu wakisikia "chini ya nyuzi 32" wanadhani baridi ikizidi ndivyo seli zitakavyotoka haraka. Sivyo hata kidogo.

Baridi hufanya nusu ya kazi tu. Polima hiyo, PNIPAAm, ikipoa hunyonya maji na kutanuka, na mshiko wa seli hulegea. Lakini seli iliyojitandaza haiondoki kwa kulegezewa tu. Lazima yenyewe ivute kiunzi chake cha ndani na kujikusanya, na hilo linataka nishati. Kundi la Teruo Okano la Tokyo, lililochapisha mapema kuhusu njia hii mwaka 1990, baadaye lilionyesha kwamba ukizizuia seli kutengeneza nishati kwa kutumia sumu ya azidi, zinabaki zimeng'ang'ania hata polima ikishalowa. Wewe kwenye nyuzi 4 umefanya karibu jambo lilelile bila sumu: umezilaza seli ulizotaka zifanye kazi.

Iache sahani kwenye nyuzi 20 hivi, nusu saa hadi saa moja, huku ukiitazama kwa hadubini. Utaona kingo zinainuka na kujikunja kuelekea katikati. Usipulize! Karatasi ikiachia husinyaa sana, kwa hiyo tandaza utando wa kuishikilia juu yake kwanza, ndipo uinue vyote pamoja. Mbarara mmebahatika, asubuhi meza yenyewe huweza kutosha. Mtu wa Gulu akiiacha mezani alasiri ya Februari atangoja mpaka achoke, maana chumba chenyewe kinaweza kukaribia 32. Kwa upande mwingine, siku za kubadilisha chakula cha seli tumia kilichopashwa hadi 37, na usipige soga mlango wa inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ukiwa wazi. Umeme ukikatika usiku kucha na hakuna betri, asubuhi utaikuta karatasi inaelea kabla haijakomaa.

Sasa huyo mwenzako. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Kwenye sahani za kiwandani polima haijapakwa kama rangi ya ukutani. Imefungwa kikemia kwenye plastiki kwa miale ya elektroni, na unene wake ni kama nanomita 15 hadi 20. Ikizidi 30 hivi, seli hazishiki hata kwenye nyuzi 37. Ni brashi gani hiyo atakayotumia? Tena polima isiyofungwa huyeyuka majini joto likishuka, na kushusha joto ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo itaondoka na karatasi hadi kwenye kidonda cha mtu. Na kama unga haukusafishwa vizuri, hubaki na molekuli ambazo hazikuungana, nazo ni sumu kwa seli.

Linaloniudhi zaidi ni hii imani kwamba karatasi ikibanduka vizuri basi ni dawa. Ndiyo, mwaka 2004 Kohji Nishida na wenzake wa Osaka walitangaza kwamba waliwawekea wagonjwa 4 karatasi za namna hii kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, bila mshono, na macho yao yakaona vizuri zaidi. Ila seli zilitoka midomoni mwa wagonjwa wenyewe. Za mtu mwingine mwili huzikataa. Na soma pia habari za HeartSheet, karatasi za seli za msuli kwa ajili ya moyo uliodhoofika. Japani iliipa idhini ya masharti mwaka 2015, na mwaka 2024 ikanyimwa idhini kamili kwa kuwa manufaa yake hayakuthibitika. Hao walikuwa na vyumba safi, fedha na wasimamizi. Nyinyi mna sahani chache na mnunuzi.

Huku Kampala simu yangu haikosi matangazo ya "seli shina", zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine: za unga wa kunywa, za kupaka, za kudungwa, zote zinatibu kisukari, goti na utasa kwa mpigo. Seli iliyokaushwa na kusagwa imekufa, na hata ingekuwa hai tumbo lingeimeng'enya kama ugali. Kliniki inayotaka kununua karatasi kutoka kwa wanafunzi wawili iko kwenye biashara hiyo hiyo. Kumwekea mgonjwa seli za majaribio hapa Uganda kunahitaji kupita kwenye kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Mwombe mwenye kliniki akuonyeshe vibali hivyo kwa maandishi. Asipokuonyesha, mwenzako asimpelekee hata sahani moja.