Sato, ngege au mbiru? Kuwatambua perege wa Ziwa Victoria kwa umbo na vinasaba

Anayeanza kazi hii hutamani kukimbilia maabara. Subiri kwanza. Kinachoharibika mapema ni rangi, na rangi hufifia muda mfupi tu baada ya samaki kufa. Mlaze samaki kichwa kikielekea kushoto, tandaza mapezi, weka rula na namba yake kando, kisha piga picha. Namba hiyohiyo ndiyo itakayokwenda kwenye kichupa cha vinasaba na kwenye samaki mwenyewe. Namba zikichanganyika, hakuna mashine itakayokuokoa.

Sato (Oreochromis niloticus) ana mistari ya wima kwenye pezi la mkia; itafute hapo, maana milia ya ubavuni inaweza kukuhadaa. Mbiru (O. variabilis) ana ukingo wa rangi ya chungwa au nyekundu kwenye pezi la mgongo. Ngege (O. esculentus) humtambui kwa haraka hivyo: inua kifuniko cha shavu utazame vijino vilivyojipanga kwenye upinde wa shavu. Vyake ni vingi na vyembamba kuliko vya sato, kwa kuwa hula mwani mdogo unaoelea majini. Unapohesabu pezi la mgongo, tenga miiba migumu na miale laini. Miale miwili ya mwisho ikitoka shina moja, ihesabu kuwa mmoja. Urefu upime kuanzia ncha ya mdomo hadi mwanzo wa pezi la mkia, kwa kuwa ncha za mkia huliwa na kuchakaa.

Kata kipande cha pezi la upande wa kulia, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo unatosha. Upande wa kushoto ubaki mzima kwa vipimo. Futa mkasi na uupitishe kwenye moto kabla ya samaki anayefuata. Tumbukiza kipande kwenye ethanoli ya asilimia 95, iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Ikiwa kidogo, maji ya nyama huizimua na DNA, yaani vinasaba vyenyewe, huoza. Andika lebo kwa penseli, uiweke ndani ya kichupa, kwani wino wa kalamu nyingi huyeyuka. Fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhia mwili, ije baada ya hapo, kwa mwili mzima tu. Ikitangulia, DNA hukatikakatika.

Maabara nyingi husoma kwanza sehemu ya jeni iitwayo COI, inayotumika kutambua spishi za wanyama, herufi 650 hivi za DNA. Hapo ndipo wageni hujiamini kupita kiasi. Jeni hiyo imo kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, na samaki huirithi kwa mama peke yake. Sato aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na huzaana na perege wenyeji, kwa hiyo chotara mwenye mama ngege atasomeka ngege mtupu. Picha ikionyesha mistari mkiani na COI ikisema ngege, usifute kimojawapo ili majibu yalingane. Pima vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo hutoka kwa wazazi wote wawili, katika maeneo kadhaa ya jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote vya samaki.

Furu, samaki wadogo wa ziwa hilo walio jamaa ya perege, ni wagumu zaidi. Spishi zao ni mamia, na nyingi zimetengana ndani ya takriban miaka 15,000 tu, hivyo COI mara nyingi haiwatenganishi kabisa. Kwao, meno, umbo la taya na rangi ya dume aliye tayari kuzaa bado vina uzito mkubwa. Majina yaliyomo kwenye hifadhidata za kimataifa, unakolinganisha DNA ya samaki wako, nayo yaliwekwa na watu: asilimia 99 ya kufanana na sampuli iliyopewa jina lisilo sahihi itakurudishia kosa lilelile. Pendelea rekodi ambazo samaki wake amehifadhiwa makumbusho, ili mtu aweze kumkagua tena.