"Aleji ya sindano" ni sindano ipi?

SWALI: Mama yetu ana miaka 64. Mwezi uliopita alilazwa kwa homa ya mapafu, akawekewa sindano za antibayotiki mbili, seftriaksoni na jentamaisini. Siku ya tano, robo saa tu baada ya seftriaksoni, alitokwa na vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Dawa zote mbili zikasimamishwa. Vipele vimeisha, lakini masikio yanavuma na akisimama anayumba. Kwenye cheti wameandika "aleji ya sindano". Akilazwa tena tuseme nini?
Msomaji, Masasi

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mama amepata mambo mawili tofauti, na yakiachwa chini ya neno moja yatamponza.

Vipele na midomo kuvimba ndani ya saa moja ni mzio, yaani aleji, na wa kushukiwa kwanza ni seftriaksoni. Asipewe tena bila daktari kujua habari hii, kwani safari nyingine koo linaweza kuziba na presha kushuka. Likitokea hilo, dawa ya kwanza ni adrenalini: kwa mtu mzima miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Asipopata nafuu hurudiwa baada ya dakika 5. Piritoni na haidrokotisoni hazishiki nafasi yake.

Masikio si mzio. Ndani ya sikio mna vinyweleo vya kusikia na vya kuupa mwili mizani. Jentamaisini yaweza kuviua, na vikifa havioti tena. Huumiza figo pia, hasa kwa mzee, kwa aliyepungukiwa maji, na kwa anayetumia diklofenaki ya maumivu. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya kuanzishiwa: kwa miligramu 5 kwa kilo kwa siku, mwenye kilo 50 anahitaji 250, na figo zikiwa dhaifu hupunguziwa au hubadilishiwa dawa. Mpelekeni sasa apimwe kreatinini na usikivu. Diklofenaki aiache. Usiku mmulikieni anapokwenda msalani, maana gizani ndipo kuyumba huzidi.

Kisha rudini wodini na cheti, muombe faili lifunguliwe. Karatasi ya dawa inaonyesha kila dozi na saa yake. Iandikwe hivi: "Seftriaksoni gramu 1 mshipani, siku ya 5, dakika 15: vipele, midomo kuvimba. Jentamaisini: masikio kuvuma, kuyumba." Ongezeni tarehe na alivyotibiwa. Pigeni picha, ikae kwenye simu za watoto wote. Kama amewahi kumeza amoksilini, ya jamii ya penisilini iliyo karibu na seftriaksoni, bila tabu, hilo nalo liandikwe. Litampa daktari pa kuanzia.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu "aleji ya sindano" humfanya daktari wa zamu akwepe hata dawa iliyo salama na kuchukua isiyofaa sana. Watu wengi walioandikiwa mzio wa penisilini, takriban 9 kati ya 10, wakipimwa vizuri huonekana wanaivumilia.

Wala mama si wa ajabu. Utafiti wa Johns Hopkins, Marekani, uliochapishwa 2017, ulifuatilia wagonjwa 1,488 waliopewa antibayotiki hospitalini: mmoja kati ya watano alipata madhara. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, hupokea taarifa za namna hii hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Toeni.

SWALI: Baba alitoka wodini wiki mbili zilizopita, alikokuwa akipewa antibayotiki. Sasa anaharisha maji mara sita kwa siku. Tumnunulie dawa ya kufunga tumbo?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Hapana, wala msimwongezee antibayotiki nyingine ya dukani. Antibayotiki huua pia bakteria wema wa utumbo, akabaki mbaya aitwaye Klostridioidesi difisile, ambaye sumu yake huchubua utumbo hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Ukifunga tumbo unaifungia sumu ndani. Mpeni ORS kwa kipimo cha pakiti na mrudisheni hospitali leo, mkitaja dawa alizopewa. Mnaomhudumia nawieni kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono haviui mbegu za bakteria huyu.