Barua kwa mwanangu: gari na mkono wa mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Hapa Morogoro hatujambo. Magoti ya mama yako humsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda huenda bustanini kwake kama kawaida, nasi hatumzuii. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unaniuliza jambo moja: vijana wanaoosha magari kwenye kona ya ofisini kwenu huko Dodoma wanatumia sabuni ya unga ya kufulia nguo, rangi ya IST yako imeanza kupoteza mng'ao ilhali una miezi minne tu nayo, na ungependa kujua kama uwahame vijana hao utafute wanaotumia sabuni maalumu ya magari.

Nianze na sabuni, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Sabuni ya unga imetengenezwa ili ing'oe mafuta na jasho kwenye nguo, na ikifika kwenye gari hung'oa vilevile nta inayolinda rangi, ikaiacha rangi wazi mbele ya jua. Sabuni ya kuoshea vyombo nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ndiyo, sabuni ya magari ni bora, na chupa moja ukiitumia mwenyewe itakaa miezi. Lakini ile mikwaruzo myembamba ya mviringo unayosema huonekana boneti inapopigwa na jua haikuletwa na sabuni; imeletwa na mchanga. Kijana hufuta tairi, huchovya kitambaa kwenye ndoo ileile moja, kisha hupanda nacho mlangoni, na hapo anaisugua rangi yako kwa vumbi la barabara. Ndoo ziwe mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Umwagie gari zima maji kwanza ili vumbi litangulie kuondoka. Uanzie kwenye paa ukishuka. Matairi na rimu yawe ya mwisho, tena yawe na kitambaa chake peke yake. Osha kivulini, asubuhi, kabla bati halijapata joto, na ukaushe papo hapo, maana maji ya huko unayoyalalamikia kila siku kwamba yana chumvi huacha madoa meupe yakikaukia juu ya rangi. Na vumbi kavu usilifute kamwe kwa kitambaa kikavu, hata ukiwa umechelewa ibada.

Hilo ndilo jibu la sabuni. Nimeshindwa kuishia hapo kwa sababu katika ujumbe wako mzima sikuona mahali ambapo wewe mwenyewe umeligusa gari. Unalipeleka, unakaa chini ya mwarobaini na simu yako, unarudishiwa ufunguo. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaambia kila Jumamosi, wewe na kaka yako, mkiwa na vipande vyenu vya fulana kuukuu mikononi: mkono huona kabla ya jicho. Kaka yako aliiona kazi ile kuwa adhabu. Wewe uliipenda, hasa kazi ya matundu. Chini ya ukingo wa kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo, navyo huzibwa na tope. Wewe ulikuwa unalala chali sakafuni na njiti ya ufagio, unachokonoa, na maji ya kahawia yakichuruzika hadi kwenye kiwiko chako ulipiga kelele za furaha mpaka majirani wakachungulia. Maji yale yangebaki ndani yangeila bati taratibu, na hakuna jicho ambalo lingejua hadi siku kutu ingetokeza nje. Ulikuwa na miaka saba na ulilijua gari letu kuliko watu wazima wengi wanavyoyajua ya kwao.

Sasa nataka nikueleze kuhusu safari ya Iringa ya mwaka 1996. Najua unaikumbuka kwa namna yako, ule mvuke na yule utingo, lakini habari za siku iliyotangulia huzijui.

Taarifa ya msiba wa bibi yako, ambaye wewe umebeba jina lake, ilinifikia siku ya Alhamisi kwa simu ya shuleni. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa nane mchana, wakinisubiri mimi kitinda mimba. Ijumaa yote nilikuwa nikiomba ruhusa na kukopa fedha, na jioni nikaitazama Corolla yetu ikiwa imejaa tope la wiki mbili. Kwa kawaida ningeiosha mwenyewe. Siku ile nikampa kijana mmoja pale stendi fedha, nikamwambia nataka ing'ae, kwa sababu sikutaka kuingia nyumbani kwa mama yangu kwa mara ya mwisho na gari chafu. Akaing'arisha kweli. Hata matairi aliyapaka dawa yakawa meusi kama mapya. Boneti hakuifungua, wala mimi sikumwambia aifungue.

Kila Jumamosi nilipomaliza kuosha nje nilikuwa nikifungua boneti injini ikiwa ya baridi, nikifuta kwa kitambaa kikavu, na nikifika kwenye mpira wa juu wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, niliubonyeza kwa vidole viwili. Mpira ulio mzima hukisukuma kidole kirudi. Uliochoka hubonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, au husikika ukikwaruza kwa ndani, na penye klipu utakuta alama nyeupe ya maji yaliyovuja yakakauka. Kwa majuma mawili kabla ya safari ile sikuwa nimeugusa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mikumi tulipita salama, Ruaha Mbuyuni tukanywa chai, kisha barabara ikaanza kupanda Kitonga. Mbele yetu kulikuwa na lori lenye shehena ya Zambia likienda mwendo wa mtu anayetembea, nami nikawa gia ya kwanza na ya pili kona baada ya kona, bila upepo wa kutosha kuipoza rejeta. Mama yako ndiye aliyesema anasikia harufu ya mpira. Mimi nilikuwa nikimuwaza mama yangu na sikuutazama mshale wa joto. Kilisikika kishindo kidogo tu, kama soda inayofunguliwa, na kioo cha mbele kikawa cheupe kitupu.

Niliruka chini, nikafungua boneti, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Utingo wa lori la nyuma yetu alikidaka kiganja changu hewani. Alikuwa kijana mdogo sana. Akaniambia, "Mzee, hicho hakifunguliwi mpaka uweze kuishika rejeta yenyewe." Alikuwa sahihi kabisa, na nakuomba ulishike neno lake kuliko yote niliyoandika hapa: maji ya rejeta hubanwa na kile kifuniko, kwa hiyo hupanda joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukikifungua yakiwa katika hali hiyo hugeuka mvuke kwa mkupuo na kukurukia usoni. Hata kama mpira umepasuka na unaona mvuke unatoka, usidhani kwamba yote yameisha. Wala usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyopata moto kiasi kile, maana unaweza kuipasua silinda hedi, na hapo gharama yake si ya mpira tena.

Tulikaa ukingoni mwa barabara zaidi ya saa tatu. Yule utingo alikata utepe wa tyubu kuukuu, akaufunga ule mpira kwa kuuvuta kwa meno na mkono, akatugawia dumu la maji. Baada ya hapo nilikuwa nikisimama kila baada ya kilomita chache, nasubiri, naongeza maji, naondoka. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Hakukuwa na namna ya kuwaambia tuko njiani. Walitusubiri mpaka saa kumi, wakazika. Tulifika saa kumi na mbili kasoro, udongo wa kaburi ukiwa mbichi bado, na baba yako mkubwa akaja akanikumbatia, akalitazama gari juu ya bega langu, akasema, "Gari lako linang'aa." Hakusema neno lingine jioni ile.

Mama yako anashikilia mpaka leo kwamba kaka yangu alisema vile ili aseme neno lolote, kwa kuwa mtu aliyetoka kumzika mama yake hana la kusema. Huenda ni kweli. Siku nyingine naamini hivyo. Siku nyingine nikishika ndoo nalisikia neno lile upya, na naona kwamba alijua alichokuwa akisema, na kwamba alikuwa na haki. Hatujawahi kulizungumza, naye sasa ni mzee kama mimi, sitamhukumu.

Na kijana wa stendi? Yeye alifanya kazi niliyomlipia, tena aliifanya vizuri. Nimejaribu pia kujitetea mwenyewe: mipira ya rejeta huchakaa kutoka ndani, na mara nyingi nje yake haionyeshi kitu. Lakini fundi wa Iringa alipoukata siku ya Jumatatu alinionyesha uvimbe karibu na klipu, mkubwa kama kokwa ya ukwaju, laini. Uvimbe ule vidole vyangu vingeuona. Mama yako hunijibu: sawa, ungeuona Ijumaa jioni, maduka ya spea yakiwa yanafungwa, na mfukoni una fedha za kukopa za msiba, ungefanya nini? Sina jibu la uhakika. Pengine ningepanda basi. Ningepanda basi, ningefika saa saba, na ningekuwa pale wanapomshusha. Mkono huona kabla ya jicho, mwanangu, na siku ile niliukodisha mkono wa mtu mwingine.

Ndiyo sababu sentensi ya kukutaka uache kabisa kupeleka gari kwa wale vijana nimeiandika mara mbili nikaifuta. Moyo wangu unataka niiache ibaki. Lakini unatoka kazini jioni, maji kwenu huja kwa mgao, na wale vijana wanakula kwa zile ndoo. Gari ni lako na siku ni zako. Ukiendelea nao, wanunulie sabuni uwape, wapelekee ndoo ya pili na vitambaa vyako, na uwakataze kabisa kuelekeza mpira wa presha kwenye injini. Gari lako si kama Corolla yetu. Juu ya kila plagi imekaa koili yake ya kuipa umeme, na maji yakiingia mle injini huanza kutetemeka na kukosa nguvu, nawe utazunguka kwa mafundi ukitafuta ugonjwa ambao ulioshwa ukaingia. Injini hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Kuna mambo ambayo hawatakufanyia hata ukiwalipa. Kwa kuwa unaegesha chini ya mwarobaini, fungua boneti uzoe majani yaliyoingia kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Yakirundikana humo maji ya mvua hukosa njia, na utashangaa kapeti la mbele limelowa bila kujua yalikopitia. Inua kapeti za miguuni uguse chini yake. Ea klina itoe uitazame, maana kwa vumbi la huko haiwezi kudumu kama ya mtu anayeishi pwani. Ipige taratibu ukutani, na ikiwa imekuwa nyeusi nunua nyingine. Upepo wa matairi umeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na hata kama maandishi ni ya Kijapani tarakimu utazisoma: ukiona 220, ni sawa na 32 kwenye geji za hapa kwetu, na hupimwa tairi zikiwa za baridi. Kwenye rejeta usiongeze maji ya bomba ya huko. Nunua kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyokwisha kuchanganywa, kwa sababu chumvi hujenga ukoko ndani na kulanti huzuia kutu na kuyachelewesha maji kuchemka. Oili unajua kupima, nilikufundisha mwenyewe, ila usisahau kufuta kile kijiti na kukichovya mara ya pili ndipo usome.

Mama yako anauliza kama utakuja Desemba kwa gari au kwa basi. Mimi pia nauliza. Nami nina ombi moja kabla hujanijibu. Jumamosi hii, kabla hujaliwasha, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua boneti. Utaona mpira mnene mweusi unaotoka juu ya rejeta kuelekea kwenye injini. Ubonyeze kwa vidole viwili mwanzo, katikati, na pale penye klipu, kisha unipigie simu uniambie umeuonaje.

Baba yako