Kabla ya Kununua Mashine ya Kahawa ya Kapsuli, Tazama Kwanza Kapsuli

Wengi wa wanaoniuliza kuhusu mashine za kahawa za kapsuli, hapa Unguja na hata jamaa zangu walioko Chake Chake na Wete, huanza na jina la kampuni, kisha bei, kisha rangi itakayopendeza jikoni. Nimekuwa nikiitumia mashine ya aina hii nyumbani kwa muda mrefu, nimewasaidia majirani kuchagua za kwao, na jibu langu kwa kila anayeuliza ni moja: anza na kapsuli. Mashine huinunua mara moja, lakini kapsuli utaitafuta kila mwezi, na sisi watu wa visiwani tunajua kwamba kitu kisichopatikana Darajani wala Mlandege hupatikana kwa kumsubiri mtu anayesafiri.

Mashine yenyewe haina mambo mengi. Ina tangi dogo la maji, pampu, chombo cha kupashia maji moto na mahali pa kutia kapsuli, ambayo ni kikopo kidogo chenye kahawa iliyosagwa ya kutosha kikombe kimoja. Ukibonyeza kitufe, kapsuli hutobolewa, maji ya moto husukumwa ndani yake kwa nguvu, na kahawa hutoka kabla ya dakika moja kwisha. Mhandisi wa kampuni ya Nestlé, Eric Favre, ndiye aliyeibuni njia hii nchini Uswisi katika miaka ya 1970, na biashara ya Nespresso ikaanza mwaka 1986. Tangu hapo kila kampuni imetengeneza kapsuli ya umbo lake, na kapsuli ya huyu haiingii katika mashine ya yule. Mnunuzi asiyelijua hilo huvutiwa na mashine ya bei nafuu, kisha akajikuta amefungwa na kapsuli ambazo hakuna duka la karibu linaloziuza.

Kwa mtu anayeishi Zanzibar, mimi hupendekeza mashine zinazotumia kapsuli ndogo za mtindo wa awali wa Nespresso, zenye kahawa ya takriban gramu 5. Haki za ubunifu za kapsuli hizo zilianza kumalizika mnamo mwaka 2012, na tangu wakati huo kampuni nyingi zimekuwa zikitengeneza kapsuli zinazoingia humo, za bei mbalimbali. Ndugu aliyeko Dar es Salaam, Muscat, Dubai au London hatapata tabu kuzipata dukani. Hali ni tofauti kwa mtindo wa Vertuo uliotolewa mwaka 2014 na kampuni hiyo hiyo. Mashine hizo huizungusha kapsuli kwa kasi kubwa, na husoma alama ya mistari iliyochapishwa kwenye ukingo wake ili zijue kiasi cha maji kinachohitajika. Kahawa yake hutoka nyingi na yenye povu zuri, sikatai, lakini kapsuli za watengenezaji wengine ni chache sana, na kujijazia mwenyewe ni kazi ngumu kwa sababu ya alama hiyo. Dolce Gusto, iliyoanza mwaka 2006, inawafaa zaidi wapenzi wa kahawa ya maziwa, ila mnunuzi azingatie kwamba vinywaji vyake kadhaa vya maziwa huhitaji kapsuli mbili kwa kikombe kimoja, moja ya kahawa na moja ya maziwa, kwa hiyo sanduku moja huisha upesi kuliko alivyotarajia. Keurig ya Marekani nitaizungumzia kwenye suala la umeme.

Sababu kubwa inayonifanya niutetee mtindo ule wa awali ni kwamba mtu anaweza kununua kapsuli ya chuma kisichoshika kutu, akaijaza kahawa yake, akaiosha na kuijaza tena kwa miaka. Nchi yetu inalima kahawa. Kuna arabika ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, na kuna robusta ya Kagera, na zote huvuka bahari kuja kwetu. Sioni busara ya mtu kukaa katika nchi inayolima kahawa akawa anangojea sanduku la kapsuli kutoka Ulaya. Hesabu yake pia ni nyepesi: kwa gramu 5 kila kapsuli, kilo moja ya kahawa inatoa vikombe 200. Linganisha bei ya kilo hiyo na bei ya kapsuli 200 za dukani, kisha uamue.

Kujaza kapsuli ya chuma kunataka utulivu, na ningependa kulieleza hili kwa kina kwa sababu wengi huijaribu mara moja, kahawa ikatoka maji matupu, wakaitupa. Unga wa kahawa inayouzwa kwa ajili ya kuchemshwa, ile tuinywayo barazani, kwa kawaida ni mzito mno kwa mashine. Maji hupita mbio bila ya kuchukua ladha. Unahitaji unga laini zaidi, unaokaribia chumvi ya mezani, lakini usiwe vumbi. Jaza hadi karibu na ukingo, gonga kapsuli mezani mara mbili au tatu ili unga ukae sawa, ugandamize kwa mgongo wa kijiko bila ya kutumia nguvu nyingi, kisha pitisha kidole kwenye ukingo mzima, maana chembe chache zikibaki hapo mfuniko hautakaa vizuri na maji yatavujia pembeni. Baada ya hapo iangalie kahawa inavyotoka. Ikitoka kwa mkupuo mmoja, rangi ikapauka mapema, unga ni mzito au ni mchache. Ikidondoka tone baada ya tone huku pampu ikinguruma, unga ni laini kupita kiasi au umeshindiliwa sana. Inayotakiwa hushuka kama uzi mwembamba wa rangi ya hudhurungi, na mililita 40 hivi hukamilika kwa muda wa nusu dakika.

Tangawizi isitiwe ndani ya kapsuli. Unga wake huvimba na kuziba vitundu. Mimi huiweka kikombeni, pamoja na iliki iliyotwangwa, kisha kahawa ikaimiminikia juu yake. Harufu inayopanda wakati huo haina upungufu wowote.

Suala la pili kwa uzito ni maji. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayochimbwa humo huja na chokaa. Anayetaka ushahidi afunue birika lake la umeme atazame chini: ukoko mweupe ulioganda pale ndio huo huo utakaojenga ndani ya mashine, tofauti ni kwamba birika utalikwangua na mashine hutaweza kuifungua. Mirija yake ni myembamba. Ukoko ukijaa, kahawa hutoka ya uvuguvugu na kidogo kidogo, na mwishowe pampu hushindwa. Nimeona mashine nzuri zikitupwa kwa sababu hii peke yake, ilhali hazikuwa na ubovu mwengine wowote.

Kwa hivyo, kabla ya kununua, hakikisha mashine ina utaratibu wa kusafisha chokaa ambao wewe mwenyewe unaweza kuufanya, na kwamba tangi lake linatoka lote kwa ajili ya kuoshwa. Nyumbani kwangu tunachemsha maji ya bomba, tunayaacha yapoe na kutuama usiku kucha, kisha tunayachukua ya juu bila ya kuyatibua, kwa kuwa sehemu ya chokaa huganda na kuzama inapochemshwa. Wenye kuvuna maji ya mvua wana nafuu zaidi, kwani hayo hayana chokaa, madhali yamechujwa na kuchemshwa. Maji ya visima vya pwani yenye ladha ya chumvi yasitiwe kabisa, kwa sababu huharibu ladha na hula vyuma. Kila baada ya miezi miwili au mitatu mashine isafishwe kwa dawa inayouzwa na watengenezaji, na isipopatikana, mimi hutumia ndimu ya unga, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji, nikaipitisha yote, kisha nikapitisha matangi mawili ya maji safi. Siki haifai ingawa watu wengi huishauri. Huacha harufu na huharibu raba za ndani.

Umeme wetu ni wa volti 230, na plagi tunazotumia ni zile za Kiingereza zenye meno matatu ya mraba. Mashine iliyonunuliwa Dubai, Oman au Uingereza itachomekwa ukutani na kufanya kazi. Ya Ulaya bara itahitaji kubadilishiwa plagi, na anayebadilisha ahakikishe waya wa ardhi umeunganishwa, kwa kuwa hiki ni chombo kinachokutanisha maji na umeme. Mashine za Marekani na Kanada, zikiwamo Keurig zinazouzwa huko, ni za volti 120. Zikichomekwa hapa moja kwa moja huungua papo hapo. Transfoma ya kuzihudumia, kwa kuwa huvuta wati 1,200 hadi 1,500, lazima iwe kubwa na nzito, na bei yake inaweza kuikaribia ya mashine. Ukiwa na ndugu Toronto au Marekani anayetaka kukuletea zawadi, mwambie kwa heshima akuletee kapsuli za chuma, na mashine uitafute upande huu wa dunia.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Hata tukichukulia kwamba mashine ya wati 1,500 inafanya kazi dakika nzima kwa kila kikombe, uniti moja ya umeme hutoa vikombe 40. Tatizo letu kubwa ni umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo ichomeke kupitia kifaa cha kulinda umeme kama ufanyavyo kwa friji, na uichomoe unapomaliza. Wenye betri ndogo za jua za kuwashia taa wasiitegemee humo, maana haziwezi kubeba mzigo huo. Tuliokuwapo Unguja wakati wa kiza cha mwaka 2008, na kile kirefu zaidi kilichoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunajua kwa nini dele, lile birika letu la kahawa, na jiko la makaa havitolewi nyumbani.

Wauzaji watakutajia baa 15 au baa 19 za nguvu ya pampu. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo, kwa sababu kahawa ya espreso hupikwa kwa takriban baa 9, na mashine zote za kawaida zinafika hapo. Vile vile simshauri mtu kununua yenye jagi la maziwa lililounganishwa, labda awe tayari kulifungua na kuliosha kila siku. Katika joto letu mabaki ya maziwa kwenye mrija huchacha kabla ya magharibi.

Lipo na jambo la taka, ambalo naliona ni zito kwa visiwa vidogo kama vyetu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, mapema kuliko nchi nyingi, na itakuwa ni kinyume chake tukiigeuza kila kahawa ya asubuhi kuwa kikopo cha kutupwa. Anayetumia za kutupa angalau achague za aluminiamu, azifungue, makapi ayamwage kwenye vyungu vya maua na vikopo avikusanye pamoja na makopo ya soda yanayonunuliwa na wakusanya chuma. Aluminiamu pia huihifadhi kahawa vizuri zaidi katika unyevu wetu kuliko plastiki nyingi. Kisanduku kinachopokea kapsuli zilizotumika kimwagwe kila siku; wakati wa masika huota ukungu upesi, na sisimizi huingia wakafika hadi kwenye tangi.

Fikiria pia nani atakunywa. Mashine hii ni ya mtu mmoja au wawili: anayeamka alfajiri kabla ya wenzake, anayetaka kikombe kimoja baada ya tarawehe, au mwenye nyumba ya wageni anayetaka kila chumba kijihudumie. Siku ya Idi, watu ishirini wamekaa ukumbini na kashata na halua, haitafaa; mtu wa mwisho atapata kahawa yake wakati wa kwanza ameshaaga. Kwa shughuli kama hizo dele haina mpinzani, na sina nia ya kumshawishi mtu yeyote aiweke kando.

Mwisho, kwa wanaonunua zilizotumika, ambazo huletwa kwa wingi katika maduka ya mtumba. Soma kwanza kibandiko kilicho chini ya mashine, kinachoonesha volti na wati. Mwombe muuzaji aichomeke, tia maji, ipitishe mara mbili bila ya kapsuli, na ushike kikombe kwa mkono: maji yawe ya moto hasa, yatoke kwa mkondo mmoja usiokatika. Inua mashine utazame kama kuna maji chini yake. Fungua na ufunge mdomo wa kapsuli mara kadhaa usikilize kama kuna kitu kilicholegea, kisha jaribu kapsuli uliyokuja nayo wewe mwenyewe kutoka nyumbani, si ile ya dukani kwake. Muuzaji akikataa kuichomeka, mwachie mashine yake na uende duka jengine.