Kalsiamu Imenata Kwenye Utando au Imeingia Ndani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma biokemia, mwaka wa pili. Tulichanganya mikrosomu za ini la panya na kalsiamu yenye mionzi, tukachuja, tukapima kilichobaki kwenye chujio. Mionzi ilikuwa mingi. Mwenzangu anasema ioni zimenata juu ya utando, mimi nasema zimeingia ndani. Nani mkweli? Halafu utando si mafuta? Metali inanataje kwenye mafuta?

JIBU: Marahaba. Kwa kipimo hicho peke yake, hakuna aliyeshinda.

Nianze na mafuta. Fosfolipidi, molekuli inayojenga utando, ina mikia ya mafuta, lakini kichwa chake kina fosfati, na fosfati ina chaji hasi. Vichwa ndivyo vinavyotazama maji. Kalsiamu ina chaji chanya mbili, kwa hiyo hunaswa hapo, hasa penye fosfatidilserini au fosfatidilinositoli, fosfolipidi ambazo jumla ya chaji yake ni hasi. Protini za utando nazo zina vikundi vya kaboksili, navyo vya chaji hasi, vinavyofanya kazi hiyohiyo. Mikia haihusiki kabisa.

Sasa ugomvi wenu. Ini likisagwa, retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli, hukatikakatika, na vipande vyake hujifunga kuwa vifuko: ndizo mikrosomu zenu. Hivyo ndivyo vinavyotuama chini ya mrija baada ya kuzungushwa kwa 100,000 g (mara 100,000 ya mvutano wa dunia) kwa saa moja: mashapo mekundu-kahawia, yanateleza kama jeli. Kifuko kina nje na ndani, na chujio halijui tofauti.

Jaribuni hivi. Gawanyeni sampuli mafungu mawili, moja lenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, jingine bila, yote kwenye barafu. Kwenye baridi pampu ya kalsiamu, protini ya utando inayoingiza ioni mbili kwa kila ATP moja, karibu inalala. Rudieni kwenye nyuzi 37. Ziada inayotokea penye ATP na joto imepigwa pampu. Kisha osheni haraka kwa EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu lakini haipenyi utando: inachoondoa kilikuwa nje. Kilichobaki kitieni A23187, inayoipitisha kalsiamu kwenye utando, EGTA ikiwa bado ipo. Kinachotoka sasa kilikuwa ndani.

Hata hapo usimcheke mwenzako. Ndani ya vifuko mna kalretikulini, protini inayoshika kalsiamu nyingi, ingawa bila kuikaza. Ioni inaweza kuwa imeingia na bado imenata.

Mimi kinachonikera zaidi kwenye mazoezi ya namna hii ni kiasi cha kalsiamu kinachotiwa. Watu humimina milimoli nzima kwa lita, wakati sitoplazimu ya seli iliyotulia ina kalsiamu huru karibu mikromoli 0.1 tu. Magnesiamu huru ndiyo inayokaribia milimoli moja, nayo hugombania fosfati zilezile. Tieni magnesiamu kwanza, ndipo mlete kalsiamu, mkalinganishe na namba zenu za mwanzo. Natarajia kunata kule kwa nje kupungue sana, na kazi ya pampu ibaki.